Mkono wa mkasi umekufa ganzi, na pesa ya kuutibu ni ada ya binti

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa miaka 46, fundi cherehani hapa Mbeya. Nina kibanda jirani na soko la Mwanjelwa, cherehani tatu na wasichana wawili ninaowafundisha kazi. Naomba usitaje jina langu, maana nusu ya wateja wangu ni walimu na hao husoma kila kitu.

Mkono wangu wa kulia unakufa ganzi. Ulianza mwaka juzi wakati wa baridi ya Juni, nikadhani ni baridi ya kwetu tu. Usiku naamka mkono kama si wangu, umejaa sindano, mpaka niuning'inize nje ya kitanda na kuukung'uta kama mtu anayekung'uta maji, ndipo unarudi. Kwa usiku mmoja naamka hata mara tatu, mara mkono, mara haja ndogo, na nikiamka lazima ninywe maji ndipo nilale tena. Mume wangu ameshazoea. Dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete ndivyo vinavyokufa. Kidole cha mwisho ndicho pekee kilichobaki na akili zake.

Sasa hivi si usiku tu. Mwezi uliopita mkasi ulinidondoka nikiwa nakata suti ya mteja, ukatoboa kitambaa pale pa mgongoni. Nikalipa. Siku hizi kutunga uzi na kushona vifungo nimemwachia msichana wangu mkubwa, nikiulizwa nasema macho yamezeeka. Na Jumapili moja kanisani nikiwa nimeunganisha viganja nikaona ile nyama nene ya chini ya dole gumba, upande wa kulia, imezama kama godoro la zamani. Upande wa kushoto iko vilevile.

Nilishachomwa sindano kwenye kifundo cha mkono na mtu wa zahanati ya mtaani, akasema ni ya kukausha maumivu. Nilipata nafuu kama miezi miwili, ikarudi. Mama mkwe akaniletea mafuta ya kuchua. Dawa za maumivu za dukani nimemeza mpaka tumbo limeanza kuwaka moto.

Mwezi wa saba nikajikaza nikaenda hospitali binafsi. Daktari alinikunja kifundo, akanigongagonga kwa kidole chake, umeme ukakimbia mpaka kwenye kidole cha kati. Akataja jina la Kizungu, kitu kama "kapo taneli", akasema mshipa wa fahamu umebanwa na dawa yake ni upasuaji mdogo, mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Akaandika kwenye karatasi: shilingi 1,350,000. Sikuuliza kitu. Nikaikunja karatasi nikaondoka.

Shida yenyewe ni hii. Kikundi chetu cha VICOBA tunavunja Novemba, na mgao wangu utakuwa kama milioni moja na laki sita. Hiyo pesa mimi na mume wangu tulishaipangia: binti yetu wa kwanza amepata nafasi chuo cha uuguzi. Mume wangu analima viazi Isyonje, na mwaka huu viazi havikumrudishia hata pesa ya mbolea. Nilipomgusia habari ya upasuaji alijibu neno moja tu: "Mkono ukishapasuliwa si mkono tena." Dada yake, yaani wifi yangu, alipasuliwa kidole miaka mitano iliyopita na mpaka leo hakikunji. Tangu siku hiyo hatujalizungumza tena.

Nikisema niende serikalini, foleni na barua za rufaa zitanimaliza. Nikisema niache hadi mwakani, naona mkono unazidi. Na Novemba hadi Januari ni msimu wa sare za shule, huo ndio unaonilisha mwaka mzima. Shoga yangu wa sokoni ananiambia: chukua mgao kimya kimya, mwambie mumeo unakwenda Tunduma kufuata vitambaa, kaa kwa mdogo wako wiki mbili, rudi umepona. Sijaona njia nyingine mpaka sasa. Je, nitakuwa nimekosea? Na je, mkono hupona kweli?

Naandika kwa simu kwa dole gumba la kushoto, nisamehe makosa.

Fundi, Mbeya


ANTI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole na mkono, na pole na kuubeba peke yako kwa miaka miwili huku ukisingizia macho.

Barua yako nimeisoma, halafu nikaunganisha viganja vyangu kama ulivyofanya kanisani, nikavitazama. Unaniuliza uchukue pesa au usichukue. Mimi naona hapo kuna vitu vitatu vimeshonwa kwa uzi mmoja: mkono, ada na mume. Niruhusu nifumue kidogo, maana vikiwa pamoja hivyo hata mimi sioni pa kuanzia.

Tuanze na mkono. Mimi si daktari, na aliyekushika kifundo ameona nisichokiona. Ila alichokueleza kinaeleweka. Pale kwenye kifundo, upande wa kiganja, pana njia nyembamba: chini na ubavuni mifupa midogo, juu utepe mgumu wa kano. Ndani ya njia hiyo zinapita kano 9 za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kitu chochote kikivimba humo, anayeumia ni huyo mshipa, kwa sababu ndiye laini kuliko wote. Ndiye anayepeleka fahamu kwenye dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho kina mshipa wake unaopita nje ya njia hiyo, ndiyo maana chako bado kina akili zake. Usiku tunalala tumekunja vifundo bila kujua, njia inazidi kubana, unaamka kukung'uta.

Wengi wenye tatizo hili huanza na kifaa cha kunyoosha kifundo kinachovaliwa usiku, kama wiki sita hivi. Kinapatikana kwa watu wa fiziotherapia, na wewe kwa ufundi wako, ukishaonyeshwa namna kinavyotakiwa kukaa, hata cha akiba utajishonea. Sindano nayo ipo katika matibabu, lakini nafuu yake mara nyingi ni ya muda, kama ulivyojionea. Naomba urudi kwa yule wa zahanati akuandikie jina la dawa aliyokuchoma, uende nalo kwa daktari. Na hizo dawa za maumivu hazimtoi mshipa pale alipobanwa, ila tumbo zinaliumiza kweli. Mwambie daktari unazitumia na kwamba tumbo linawaka.

Halafu kuna mambo mawili uliyoyaandika kwa kupita tu, nami yamenisimamisha.

La kwanza ni ile nyama iliyozama. Mshipa huohuo ndio unaolisha misuli ya chini ya dole gumba. Misuli ikianza kukonda, maana yake mara nyingi ni kwamba umebanwa muda mrefu, na hapo madaktari huwa hawapendi kungoja. Hata mtu akishapasuliwa, kuamka usiku kunaweza kwisha mapema, lakini nguvu na nyama huchukua miezi, na wengine hazirudi zote. Unapohesabu gharama ya kungoja hadi mwakani, liweke na hilo kwenye hesabu. Sikutishi. Wala kifaa cha usiku peke yake kisikupe matumaini makubwa kabla mtaalamu hajakitazama hicho kiganja.

La pili ni maji na haja ndogo. Umesema unaamka mara tatu, na kila ukiamka unakunywa. Pengine ni mazoea. Lakini kisukari ni mojawapo ya mambo yanayoandamana sana na mshipa huu kubanwa, sawa na matatizo ya tezi ya shingoni na ujauzito. Umelaumu cherehani na baridi. Inawezekana cherehani ina mkono wake humo, ila si lazima iwe peke yake. Kupima sukari ni tone moja la damu, hata zahanati wanaweza. Sukari ikiwa juu lazima ishughulikiwe kabla ya kisu, maana kidonda cha mwenye sukari isiyotulia hupona kwa shida. Hili usingoje mgao wala ruhusa ya mtu.

Sasa ile karatasi uliyoikunja. Naielewa. Sisi wanawake wa sokoni tunabishana bei ya kilo ya nyanya mpaka muuzaji anakasirika, lakini mbele ya koti jeupe tunakuwa mabubu. Ikunjue urudi nayo. Hiyo 1,350,000 ina nini ndani? Vipimo, ganzi, chumba, dawa, kusafisha kidonda, kutoa nyuzi, mazoezi ya mkono baadaye? Au kila kimoja kina risiti yake? Kidonda kikiingia vidudu, nani atalipa? Atakayepasua ni nani, ni bingwa wa mifupa, na mikono kama yako ameshaifanya mingapi? Kuuliza kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika ni haki yako, na daktari mzuri hanuni kwa swali hilo.

Unasema serikalini foleni itakumaliza. Hiyo foleni, mdogo wangu, umeshawahi kuipanga kwa ajili ya huu mkono? Katika barua yako sikuiona. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ipo hapohapo mjini kwako. Watu wanalala njiani kutoka Sumbawanga kuifuata. Siahidi kwamba kesho utapangiwa tarehe. Unaweza kukuta kliniki imejaa, daktari yuko safari, tarehe ikasogezwa mara mbili, na mkono kama wako hauna muda mwingi wa kusogezwa. Lakini barua ya rufaa na swali moja, "tarehe ya karibu ni lini na nitalipa kiasi gani?", vitakugharimu asubuhi mbili tatu, na utakuwa na kitu cha kulinganisha na karatasi yako. Kama mna bima ya aina yoyote, pita dirishani uulize inabeba nini. Zipo pia hospitali za misheni ambazo watu wa nyanda zetu wanazifahamu, kama Ikonda kule Makete. Nauli na malazi uvitie kwenye hesabu. Tena usishangae ukigundua bingwa anayepasua jioni hospitali binafsi ndiye anayekaa kliniki ya serikali asubuhi. Kwetu hilo ni la kawaida. Kitu unachonunua binafsi mara nyingi ni tarehe ya karibu na kitanda kisicho na msongamano, na kwa mkono wako tarehe ina thamani. Mkono wa daktari unaweza kuwa uleule.

Upasuaji wenyewe si mrefu. Kwa kawaida wanachoma ganzi ya mkono tu, wanaukata ule utepe wa kano ili njia ipanuke, dakika kama 15 au 20. Wengi wanapata nafuu nzuri. Wapo wanaobaki na kovu linalouma wakibonyeza kitu kwa kiganja, wapo wanaopata maambukizi, na mara chache mshipa wenyewe huumizwa au tatizo hurudi. Uliuliza mkono hupona kweli. Wa wengi ndiyo, na wako una hiyo nyama iliyozama, kwa hiyo swali la kumpelekea daktari ni: katika mkono wangu huu, unategemea nini kirudi na nini kisirudi?

Hapo ndipo safari ya Tunduma inaponisumbua. Shoga yako kakupa wiki mbili. Nyuzi peke yake hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kazi nyepesi unaweza kuanza baada ya wiki chache, lakini mkasi mzito kwenye kitambaa cha suti huenda ukataka wiki sita, nane, na nguvu ya kushika huendelea kurudi kwa miezi. Utarudi nyumbani na bandeji, huwezi kukamua kitenge, huwezi kusonga ugali, huwezi kubeba ndoo, na vitambaa vya Tunduma haviko. Utamwambia nini? Na pale mdogo wako anapoishi, kidonda kikivimba usiku wa manane, nani atakayepigiwa simu kwanza?

Mkono ni wako, na fomu ya ridhaa utaisaini wewe. Nami najua ziko nyumba ambazo mwanamke akisema ukweli ananyimwa matibabu. Kama yako ni ya namna hiyo niandikie tena, maana majibu yangu yatabadilika. Lakini katika barua yako nimemwona mwanamume aliyesema sentensi moja, na sentensi yenyewe ni ya mtu aliyeogopa. Ameona kidole cha dada yake. Wewe umeisikia kama "hapana, pesa ni ya ada". Ada ameitaja? Hukuniandikia hivyo.

Na huyo wifi, umemwuliza mwenyewe? Alipasuliwa nini hasa: kidole kilichokuwa kinakwama, jipu, jeraha la shoka? Alipewa mazoezi? Aliyafanya, au alikifunga kidole miezi miwili kwa kuogopa maumivu? Baada ya upasuaji kama wako, vidole huwa vinatakiwa kuanza kuchezeshwa mapema, na vikiachwa vimefungwa hukakamaa. Yeye anaweza kuwa ameumizwa kweli na watu wasiojua kazi, na hilo nalo ni la kujua kabla hujachagua mlango. Mpelekee mchele kidogo, kaeni jikoni, akuonyeshe kidole. Pengine ndiye atakayekwenda kuzungumza na kaka yake. Pengine atakuambia usithubutu. Vyote viwili utakuwa umevipata kwa aliyepitia.

Pesa sasa. Umeuangalia mgao tu. Katika vikundi vingi vya VICOBA kuna mfuko wa jamii, ule wa misiba na magonjwa; mwulize katibu wenu ugonjwa wa mwanachama mwenyewe unahesabiwaje. Kuna na mkopo wa hisa zako, ila huo utakatwa kwenye mgao pamoja na riba, kwa hiyo ada itapungua vilevile, na kama mkono utachelewa kurudi kazini deni litakukuta huna kipato. Upande wa chuo, ulizeni kama ada inalipwa kwa awamu. Vyuo vingi hukubali. Awamu ya kwanza na sehemu ya matibabu vikikaa pamoja, hesabu inakuwa nyingine kabisa na ile ya "mkono au mtoto".

Msimu wa sare ndio unaonipa shida hata mimi. Ukipasuliwa Novemba, mkasi utaukosa katikati ya msimu. Ukingoja Februari, hiyo nyama inaendelea kukonda huku unakata marinda usiku na mchana. Ukifanya sasa, Septemba hii, pesa haijafika, na hata ikipatikana utaingia msimu na mkono mchanga. Hakuna tarehe isiyo na hasara kati ya hizo, na daktari peke yake ndiye anayeweza kukuambia Februari ni mbali kiasi gani kwa kiganja chako. Ila naona kitu kimoja: wale wasichana wawili. Msichana anayeshona vifungo vyako anaweza kukata sketi ya marinda ukiwa umesimama pembeni na futi kamba? Kama hawezi, wiki hizi kabla ya Novemba zinatosha kumfundisha? Kwa kuficha ganzi yako umemfundisha vifungo. Ukimwambia ukweli huenda ukamfundisha mkasi. Hilo utalihitaji vyovyote utakavyoamua.

Halafu yuko mtu mmoja ambaye katika barua nzima umemtaja kama ada tu. Binti yako anakwenda kusomea uuguzi, na mama yake anakung'uta mkono kila usiku ng'ambo ya ukuta bila yeye kujua ni ugonjwa gani. Sisemi umbebeshe uamuzi. Mtoto akiambiwa "ni wewe au mkono wangu" atasema mkono, na atabaki na hiyo kauli moyoni. Lakini kwenda na mama kupima sukari, kumshikia karatasi ya maswali mbele ya daktari, hayo anaweza. Na baba yake naye akienda, ule mkunjo wa kifundo na ule umeme unaokimbia mpaka kidole cha kati atauona kwa macho, badala ya kukumbuka kidole cha dada yake.

Ukipata majibu ya sukari na ya wifi, naomba unijulishe. Usiandike. Nitumie ujumbe wa sauti, hilo dole gumba la kushoto nalo lipumzike.